Kuhariri Picha za Slaidi kwa Kompyuta: Mafunzo Tuliyoyapata Kinole

UTANGULIZI

Katika baadhi ya vyuo vyetu vya ualimu, na katika nyumba za wakufunzi waliostaafu, yamo bado masanduku madogo yenye picha za slaidi. Slaidi hizo zilipigwa zamani ili zitumike kufundishia. Mwalimu alifunga madirisha, akawasha projekta, na wanafunzi wakaona ukutani milima, mashamba na masoko ya nchi yao. Leo projekta nyingi za namna hiyo ni mbovu, taa zake hazipatikani kwa urahisi, na slaidi zenyewe zinaliwa na kuvu. Mwalimu anayetaka picha hizo ziendelee kufundisha hana budi kuziingiza katika kompyuta na kuzihariri.

Makala haya yanakusudia kumweleza mwalimu mtarajiwa wa shule ya msingi namna kazi hiyo inavyofanywa, na namna anavyoweza kuigeuza kuwa somo kwa wanafunzi wake. Hatutaeleza kila kitufe cha programu, kwani vitufe hubadilika kila toleo jipya litokapo. Tutaeleza zaidi sababu za kila hatua, kwa kuwa ajuaye sababu hatapotea hata vitufe vikibadilishwa. Tutaeleza pia makosa matatu tuliyoyafanya sisi wenyewe pamoja na wanachuo wetu, tulipozichukua slaidi 36 zilizopigwa Kinole, tukazihariri chuoni, kisha tukazipeleka Kinole kwenyewe zikatazamwe na wenyeji. Makosa hayo yalitufundisha kuliko maelekezo yote tuliyokuwa tumeyasoma.

KINOLE NA SANDUKU LA SLAIDI

Kinole iko katika Wilaya ya Morogoro, kwenye miteremko ya mashariki ya Milima ya Uluguru. Upande huo hupokea pepo zenye unyevu zitokazo Bahari ya Hindi, na kwa ajili hiyo hupata mvua nyingi kuliko upande wa magharibi. Vijito vya miteremko hiyo hulisha Mto Ruvu, ambao maji yake hutumiwa na wakazi wa Dar es Salaam. Wakulima wa huko hupanda migomba, minanasi na viungo kama vile pilipili manga, mdalasini na karafuu. Waluguru huifahamu Kinole pia kuwa makao ya ukoo wa Kingalu, ulioheshimiwa tangu zamani kwa shughuli za kuomba mvua. Jina la Chifu Kingalu ndilo lililopewa soko kuu la mjini Morogoro.

Slaidi tulizokabidhiwa zilipigwa katika miaka ya 1970 na mkufunzi mmoja ambaye alikuwa na desturi ya kutembea na kamera. Hakuandika maelezo yoyote. Kwenye baadhi ya fremu za karatasi palikuwa na mhuri wa mwezi na mwaka, nasi tukafurahi tukidhani kwamba tumepata tarehe za picha. Haikuwa hivyo. Mhuri wa namna hiyo hupigwa na maabara siku filamu inaposafishwa, na filamu yaweza kuwa ilikaa ndani ya kamera miezi mingi kabla ya kufika maabara. Mhuri hutuambia tu kwamba picha haikupigwa baada ya tarehe ile. Mwalimu na aandike hivyo hivyo katika daftari lake, asiongeze neno.

SLAIDI NI KITU GANI?

Slaidi ni kipande cha filamu chanya. Tofauti yake na negativu ni kwamba rangi na mwanga vinaonekana vilivyo: anga ni nyeupe au ya buluu, kivuli ni cheusi. Kipande cha kawaida kina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24, nacho hushikwa na fremu ya karatasi au plastiki yenye milimita 50 kila upande.

Ndani ya kipande hicho mna matabaka matatu ya rangi yaliyoshikwa na jelatini: la njano, la majenta na la saiani. Majenta ni rangi iliyo kati ya nyekundu na zambarau, na saiani ni buluu inayoelekea kijani. Kila tabaka huzuia sehemu moja ya mwanga: la njano huzuia buluu, la majenta huzuia kijani, na la saiani huzuia nyekundu. Mwanga ukipita katika matabaka yote matatu, jicho hupata picha kamili.

Tatizo ni kwamba matabaka hayazeeki kwa mwendo mmoja. Katika filamu nyingi za zamani, Ektachrome zikiwamo, saiani ndiyo iliyotangulia kufifia hata slaidi zikiwa zimefungwa gizani. Saiani ikipungua, hapana tena cha kuzuia wekundu, na picha nzima huwa nyekundu. Kodachrome, iliyoanza kuuzwa mwaka 1935 na kuacha kutengenezwa mwaka 2009, ilikuwa na tabia nyingine: rangi zake zilidumu sana gizani, bali zilififia upesi chini ya taa kali ya projekta. Kwa hiyo slaidi mbili zilizopigwa mahali pamoja zaweza kuwa na rangi tofauti kabisa leo. Tofauti hiyo hutokana na filamu na jinsi zilivyotunzwa. Mahali penyewe hapahusiki.

Kuvu nayo hupenda jelatini, hasa penye joto na unyevu. Huonekana kama nyuzi nyembamba zilizotandaa au madoa yenye ncha nyingi. Slaidi zenye kuvu zitengwe na zile nzima, ziwekwe mahali pakavu.

KUIINGIZA SLAIDI KATIKA KOMPYUTA

Kabla ya yote mwanachuo anawe mikono na aishike slaidi kwa fremu yake. Vumbi liondolewe kwa kipulizio cha mpira au brashi laini iliyo kavu. Maji yasitumike, kwani hulainisha jelatini. Kupuliza kwa mdomo pia si vizuri, maana mate huruka.

Skana ya kawaida ya ofisini, itumikayo kwa karatasi, haifai, kwa sababu mwanga wake huakisiwa, na slaidi yahitaji mwanga upitao ndani yake. Inatakiwa skana yenye taa kifunikoni au skana maalumu ya filamu. Pasipokuwa na skana, mwalimu anaweza kuweka karatasi nyeupe nyembamba mbele ya mwanga wa dirisha, akasimamisha slaidi mbele yake kwa umbali wa kiganja, na kuipiga picha kwa kamera iwezayo kuona karibu. Matokeo hayatalingana na ya skana, lakini yatatosha kufundishia.

Skana huigawanya picha katika vijisehemu vidogo vya mraba viitwavyo pikseli. Tukiiagiza isome nukta 2,400 kwa kila inchi, upande wa milimita 36 utatoa pikseli zipatazo 3,400, na ule wa milimita 24 utatoa pikseli zipatazo 2,270. Jumla ni zaidi ya pikseli milioni 7.7 kwa slaidi moja. Kila pikseli huandikwa kwa namba tatu: ya nyekundu, ya kijani na ya buluu. Kila namba huanzia 0, yaani hakuna mwanga, hadi 255, yaani mwanga wote. Faili la namna hiyo huchukua nafasi ya megabaiti 23 hivi.

Faili la kwanza lihifadhiwe katika umbo la TIFF, ambalo halipotezi kitu. JPEG huchukua nafasi ndogo, lakini hutupa sehemu ya habari za picha, na hutupa tena kila inapobadilishwa na kuhifadhiwa upya. Baada ya hapo, faili hilo la kwanza litengenezewe nakala mbili, zikae mahali pawili, na asiruhusiwe mtu yeyote kulihariri. Kazi zote za kuhariri zifanywe juu ya nakala nyingine. Sharti hili lilionekana dogo kwetu mwanzoni. Msomaji ataona baadaye jinsi lilivyotuokoa.

PROGRAMU YA KUHARIRIA

Ziko programu nyingi. Photoshop, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1990, hutumiwa sana na wachapaji, lakini ni ya kulipia. Sisi tulitumia GIMP, ambayo ilianzishwa na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley mwaka 1995, na ambayo hutolewa bure kwa yeyote. Mwalimu wa shule ya msingi anaweza kuiweka katika kompyuta ya shule bila kuomba fedha, na ina kila kitu kinachotakiwa kwa kazi hii.

Hatua za kuhariri tulizozifuata ni tatu: kuhakikisha upande, kusawazisha rangi, na kuondoa madoa. Tutazieleza moja moja, pamoja na yale tuliyoambiwa Kinole. Tulikwenda huko na kompyuta ya mkononi na picha zilizochapwa kwenye karatasi. Baada ya kujitambulisha kwa uongozi wa kijiji na kueleza shida yetu, tuliketi barazani pamoja na wazee kadhaa, wanawake kwa wanaume, huku watoto wamesimama nyuma yao.

HATUA YA KWANZA: KUHAKIKISHA UPANDE

Slaidi inaweza kuwekwa katika skana kwa njia nane: pande nne za kuzungusha, mara mbili kwa kuwa ina mbele na nyuma. Kosa la kuzungusha huonekana mara moja, kwa kuwa watu watasimama kwa vichwa. Kosa la kugeuza mbele kuwa nyuma halionekani, kwa sababu mlima uliogeuzwa hubaki mlima.

Upande wenye jelatini hauna mng'ao mwingi, na ukiuinamisha kwenye mwanga utaona mchoro wa picha kama umechongwa kidogo. Upande wa pili hung'aa. Picha huwa sahihi mtu aitazamapo kutoka upande unaong'aa. Zipo pia dalili ndani ya picha yenyewe: maandishi kwenye mabango au magunia, na mashati ya wanaume, ambayo vifungo vyake hushonwa upande wa kulia wa mvaaji.

Sisi tuliamini fremu. Tulidhani kwamba fremu zote zimefungwa sawasawa, kumbe baadhi zilikuwa zimefunguliwa na kufungwa upya. Tulipoonyesha picha ya njia inayopanda mlimani kando ya kijito, wazee walinyamaza kidogo. Kisha mmoja wao akasema, "Picha ni nzuri, wanangu, lakini mmeigeuza Kinole. Tangu lini mtu akipanda kwetu mto ukawa mkono wake wa kulia?" Tukaigeuza picha pale pale kwa amri moja ya programu, naye akatikisa kichwa kukubali. Laiti tungaliitumia picha ile katika somo la ramani, tungaliwafundisha watoto wa Kinole kupotea kwao wenyewe.

HATUA YA PILI: KUSAWAZISHA RANGI

Programu huonyesha mchoro unaoitwa histogramu. Mchoro huo huhesabu pikseli zilizo na namba 0, zilizo na namba 1, na kuendelea hadi 255, kwa kila rangi peke yake. Katika slaidi iliyofifia, mchoro haujazi nafasi yote. Tuchukue mfano. Tuseme namba za nyekundu zinaanzia 60 hadi 250, za kijani 20 hadi 190, na za buluu 15 hadi 170. Kusawazisha ni kuvuta kila rangi ienee kutoka 0 hadi 255. Hesabu yake ni hii: toa namba ndogo kabisa ya rangi hiyo kutoka katika namba ya pikseli, zidisha kwa 255, kisha gawanya kwa tofauti ya namba kubwa na namba ndogo.

Tuseme katika picha hiyo liko jiwe, na pikseli yake moja ina nyekundu 155, kijani 105 na buluu 92. Machoni jiwe hilo ni jekundu. Tukifanya hesabu:

Nyekundu: (155 − 60) × 255 ÷ 190 = 127.5
Kijani: (105 − 20) × 255 ÷ 170 = 127.5
Buluu: (92 − 15) × 255 ÷ 155 = 126.7

Namba zote tatu zimekaribiana, na penye namba sawa za rangi tatu huwa pana kijivu. Jiwe limerudi kuwa la kijivu kama mawe mengine ya mtoni. Kazi hiyo, ambayo kompyuta huirudia mara milioni 7.7 kwa muda mfupi, mwanafunzi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi anaweza kuifanya ubaoni kwa pikseli moja.

Programu ina pia amri ya kufanya hivyo yenyewe. Wanachuo waliipenda mno, kwani slaidi nyekundu ilisafika kwa kubonyeza mara moja. Lakini yafaa ieleweke kwamba amri hiyo hukisia. Huchukulia kwamba katika kila picha pana kitu cheupe kabisa na kitu cheusi kabisa. Penye mawingu na vivuli, kisio hilo ni jema. Pasipo na vitu hivyo, mashine hupotea.

Kosa letu la pili lilitokea hapo. Slaidi moja ilionyesha shamba jipya lililolimwa kwenye mteremko, na udongo umejaza karibu picha nzima. Tuliitia amri ile, na udongo ukawa wa rangi ya majivu. Tulidhani tumeondoa wekundu wa kuzeeka, kumbe tulikuwa tumeondoa pia wekundu wa udongo. Kule barazani mtoto mmoja alicheka, akatoka, akarudi na udongo kwenye jani la mgomba, akauweka kando ya kompyuta. Hakusema neno. Udongo ule ulikuwa mwekundu.

Tuliirudia kazi kwa njia nyingine. Tulitafuta slaidi nyingine ya filamu ile ile na yenye mhuri ule ule, ambayo ndani yake walikuwamo wanafunzi waliovaa mashati meupe. Tukasawazisha rangi kwa kutumia mashati, tukaandika vipimo tulivyotumia, kisha vipimo hivyo hivyo tukavitumia kwa picha ya shamba. Udongo ukarudi kuwa mwekundu, ingawa si mwekundu kupita kiasi kama ulivyokuwa kabla. Hata hivyo hatukulilazimisha lile jani kuwa kipimo kamili, kwa kuwa udongo uliolowa na udongo mkavu haulingani rangi, na udongo wa leo sio uliopigwa picha miaka ile. Jani lilitosha kutuonya.

HATUA YA TATU: KUONDOA MADOA

Programu ina vifaa viwili kwa kazi hii. Cha kwanza huchorwa kama mhuri: huchukua pikseli za mahali pazima na kuzibandika juu ya doa. Cha pili huchorwa kama plasta ya kidonda: hubandika vilevile, lakini hulinganisha rangi na mwanga na mahali panapobandikwa. Vyote viwili vina nguvu kubwa, na vyote viwili huzua kitu ambacho hakikuwapo. Kwa ajili hiyo mwanachuo lazima awe na hakika kwamba anachokiondoa ni doa.

Ziko kanuni za kumsaidia. Kwanza, vumbi juu ya slaidi huonekana jeusi, kwa kuwa huzuia mwanga usipite. Ni katika negativu tu ndipo vumbi hutokea jeupe. Pili, mkwaruzo hupita juu ya kila kitu bila kujali: huanza angani, hukata mlima, huingia katika paa la nyumba. Mstari ambao hufuata umbo la mlima na kukoma mwisho wa shamba si mkwaruzo. Katika Uluguru jambo hili ni la maana sana. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi katika mashamba yao, hadi upinzani wa mwaka 1955 ulipokomesha mpango huo. Mwanachuo anayefuta mistari mlimani bila kufikiri anaweza kuwa anafuta historia ambayo mwalimu wa kesho angeifundisha kwa picha hiyo. Tatu, kuvu huwa na nyuzi na matawi. Vitu vilivyotengenezwa na binadamu huwa na kingo zilizonyooka.

Mwanachuo wetu mmoja, kijana hodari kuliko wenzake katika kompyuta, alipewa slaidi iliyoonyesha kitongoji kikiwa mbali, nyumba za nyasi zimetawanyika kati ya migomba. Katikati palikuwa na nukta nyeupe inayong'aa. Aliiona inachafua picha, akaifunika kwa majani ya mgomba, kazi safi isiyoonyesha mshono. Sote tuliisifu.

Picha hiyo ilipofika mikononi mwa bibi mmoja pale barazani, aliitazama muda mrefu, akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali. Kisha akauliza, "Na nyumba ya bati iko wapi?" Tulimwomba atueleze. Akasema kwamba hapo palikuwa na nyumba ya mjomba wake, ya kwanza kuezekwa bati katika kitongoji kile. Alipokuwa binti, mvua ilipoanza, watoto walikimbilia barazani pale ili wasikie mlio wake juu ya bati. Nyumba hiyo haipo tena. "Picha inaonyesha wakati ule ule," akasema, "lakini nyumba haimo. Basi labda nimesahau mimi."

Yule kijana alisimama. Alisema, "Bibi, shikamoo. Hukusahau. Mimi ndiye niliyeiondoa." Tukafungua lile faili la kwanza ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Nukta ilikuwapo, na tulipoikuza tuliona kingo mbili zilizonyooka, jua likiakisiwa juu yake. Bibi akaweka kidole juu ya kioo cha kompyuta.

Tunalieleza tukio hili kwa urefu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya ufundi: kanuni ya vumbi ingalitosha kumzuia yule kijana, kwani doa jeupe juu ya slaidi haliwezi kuwa vumbi. Ya pili ni kubwa zaidi. Mtu mzima aliyeyaona mambo kwa macho yake alikuwa tayari kuitilia shaka kumbukumbu yake mbele ya picha tuliyoipotosha sisi. Ikiwa mzee huweza kushindwa na picha, itakuwaje kwa mtoto wa miaka kumi anayeonyeshwa na mwalimu wake?

KUFUNDISHA KAZI HII DARASANI

Mwalimu asidhani kwamba bila kompyuta nyingi hawezi kufundisha jambo hili. Tunapendekeza mfululizo wa vipindi vitatu.

Katika kipindi cha kwanza, wanafunzi wachore miraba kumi kwa kumi katika karatasi, na kila mraba waupe namba ya 0 hadi 9 kwa kadiri ya mwanga wake katika picha ndogo ya nyumba au mti. Kisha wabadilishane namba tupu, na kila mmoja aichore picha ya mwenzake kutokana na namba hizo. Kwa njia hii wataelewa pikseli kuliko wangeambiwa maana yake kwa maneno.

Katika kipindi cha pili, mwalimu awape namba za picha "iliyofifia", mathalani zilizo kati ya 3 na 6 tu, nao wazivute zienee kutoka 0 hadi 9. Tatu itakuwa 0, nne itakuwa 3, tano itakuwa 6, na sita itakuwa 9. Hapo hesabu za kuzidisha na kugawanya zinapata kazi ya kufanya. Mwalimu awaulize pia: namba 4, ambayo sasa ni 3, ilikuwa 3 kweli siku picha ilipopigwa? Wanafunzi wagundue kwamba tumekisia.

Katika kipindi cha tatu, kila mwanafunzi apewe picha ya zamani ya mahali pao, aende nayo nyumbani kwa bibi, babu au mjomba, na aulize maswali matatu: Hapa ni wapi? Nini kilichobadilika? Nini kinachokosekana? Majibu yaandikwe na kusomwa darasani.

Iko tahadhari moja. Si kila picha ni ya kuonyeshwa watu wote. Katika milima hii yako maeneo ya tambiko, na katika picha za zamani wamo marehemu ambao jamaa zao wangali hai. Mwalimu aombe ruhusa kwanza kwa wazee na kwa jamaa, na akikataliwa aiweke picha kando.

DAFTARI LA MHARIRI

Tangu tuliporudi kutoka Kinole, kila picha tunayohariri ina ukurasa wake katika daftari. Tunaandika: slaidi imetoka wapi, fremu ina maandishi gani, nani ameiskani na kwa nukta ngapi, upande umehakikishwa kwa dalili gani, rangi imesawazishwa kwa vipimo vipi na kwa kutegemea kitu gani ndani ya picha, doa gani limeondolewa, mahali gani, na kwa sababu gani. Mwisho tunaacha nafasi tupu kwa maneno ya wenyeji. Ukurasa mmoja huchukua dakika chache. Daftari ni la kawaida la shule.

HITIMISHO

Kuhariri slaidi si kazi ya kupamba. Ni kazi ya kuondoa uharibifu wa miaka ili jambo lililokuwa mbele ya kamera lionekane tena kadiri iwezekanavyo. Programu hutupa uwezo wa kuvuka mpaka huo kwa urahisi mno, na haitatuonya tunapouvuka. Mwalimu ajilinde kwa mambo matatu: faili la kwanza lisiloguswa, daftari linaloeleza kila badiliko, na macho ya watu wa mahali pale.

Ile picha ya kitongoji tuliihariri upya. Kuvu na vumbi tuliviondoa, rangi tukaisawazisha, na nukta nyeupe tukaiacha kama ilivyo. Nakala moja iko chuoni. Nyingine aliichukua yule kijana, akaipeleka Kinole kwa mkono wake.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini vumbi huonekana jeusi juu ya slaidi na jeupe katika picha itokanayo na negativu?

2. Pikseli moja ina nyekundu 210, kijani 88 na buluu 46. Tumia vipimo vya mfano uliotolewa katika makala haya kuisawazisha. Je, baada ya hesabu pikseli hiyo ni ya kijivu? Waweza kusema nini juu ya kitu kilichopigwa picha?

3. Umekabidhiwa slaidi ya mteremko wenye mistari mingi. Eleza namna utakavyopambanua mikwaruzo na matuta.

4. Mwalimu mwenzako amefuta nguzo ya umeme katika picha ya kijiji "ili ipendeze ukutani." Andika barua fupi kumweleza maoni yako, kwa lugha ya heshima.